Chapa ya Kuvunjwa: Siri ya Kugawanyika kwa Seli na Maradhi ya Ng'ombe wa Ugogo

Katika nyanda za kati za Tanzania, tangu Manyoni na Bahi hata Kongwa na Mpwapwa, ambako mvua ya mwaka mzima ni haba, na ambako mtama na uwele husimama pale mahindi yanapokauka, ng'ombe ni mahari, ni akiba ya mwaka wa njaa, na ni taadhima ya mwenye tembe mbele ya jirani zake. Kwa hiyo maradhi yanayoua ng'ombe katika nchi ya Ugogo hayahesabiwi kuwa hasara ya zizi peke yake, bali huhesabiwa kuwa msiba wa nyumba nzima. Miongoni mwa maradhi hayo, ndigana kali ina sifa mbaya kupita nyingi. Huletwa na kupe mdogo wa rangi ya kahawia apendaye kujificha ndani ya sikio la mnyama. Na baada ya siku 8 mpaka 12 hivi tangu kupe huyo alipoanza kufyonza, tezi iliyo chini ya sikio huvimba, homa hupanda ikapita nyuzi 40, ng'ombe huacha malisho, pumzi humwia nzito, povu humtoka puani, na asipotibiwa mapema, katika wiki tatu au nne huwa mzoga.

Mtu aonaye tezi ile ikivimba aweza kudhani kuwa ni usaha uliokusanyika hapo. Sivyo. Maji ya tezi yakivutwa kwa sindano na kutazamwa kwa hadubini, huonekana yamejaa seli nyeupe za damu zinazogawanyika bila ya kukoma, moja ikizaa mbili na mbili zikizaa nne, kama zifanyavyo seli za saratani. Na ndani ya seli hizo kimekaa kimelea kiitwacho Theileria parva, ambacho hakikuiua seli kilimoingia, bali kimeilazimisha izae, nacho kikagawanyika pamoja nayo, hata kila mtoto wa seli akazaliwa na fungu lake la vimelea. Vimelea vingine viingiavyo ndani ya seli, kama vile vya malaria, huishia kuipasua na kuiacha; hiki huikuza, huiongeza, na hufanya wingi wake kuwa silaha yake.

Ili kufahamu hila hiyo, sharti kwanza ijulikane ni nani, katika seli iliyo salama, mwenye kutoa idhini ya kugawanyika na mwenye kuiondoa. Hapo ndipo wataalamu wa karne iliyopita walipokuta jambo ambalo hawakulitarajia. Walikuwa wametumia miaka mingi kuchunguza jinsi protini zinavyoundwa, wakiamini kwamba hekima yote ya uhai imo katika kuunda. Walipochunguza kwa makini zaidi wakaona kwamba saa ya seli huendeshwa vilevile na uvunjaji, na kwamba protini nyingi zenye amri kubwa huundwa ili zitende kazi kwa muda mfupi, kisha zivunjwe kwa wakati maalumu, pasipo kutangulia wala kuchelewa.

Tuanze na kazi yenyewe. Seli ya ng'ombe ina kromosomu 60, na seli ya mwanadamu ina 46. Na ndani ya kromosomu hizo umeandikwa karibu urithi wote wa kiumbe. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili kila kromosomu, hata kila moja ikawa na pacha wake, na pacha hao hufungwa pamoja na pete za protini iitwayo kohesini. Kisha nyuzi nyembamba hutokea katika pande mbili za seli, hushika kila pacha kutoka upande wake, na kuvuta. Pete za kohesini zikikatwa zote kwa wakati mmoja, baada ya kila pacha kushikwa sawasawa, kila mtoto wa seli hurithi haki yake kamili. Zikikatwa mapema, mtoto mmoja huzidishiwa na mwenziwe hupunjwa. Na upungufu au uzidifu wa kromosomu ni mlango wa kufa kwa mimba, wa vilema vya kuzaliwa, na wa saratani. Basi kazi hii, ambayo katika seli nyingi za mwili huchukua kama saa moja tu katika mzunguko wa saa 24 hivi, haivumilii kosa.

Amri ya kuvunja hutolewa kwa njia ya alama. Kama ambavyo ng'ombe aliyenunuliwa katika mnada wa Msalato hutiwa rangi ubavuni, na kila amwonaye baada ya hapo hujua kwamba njia yake sasa ni ya machinjioni, ndivyo protini iliyokwisha muda wake inavyobandikwa chapa ndogo iitwayo ubikwitini, na kila chombo cha seli kikaitambua kuwa ni ya kuvunjwa. Ubikwitini yenyewe ni protini fupi ya asidi amino 76 tu, na umbo lake ni karibu moja kwa hamira, kwa mtama, kwa ng'ombe na kwa mwanadamu. Maana yake ni kwamba viumbe wote wenye seli zenye kiini wameihifadhi tangu zama zisizokumbukwa, na hawakuthubutu kuibadili.

Chapa haijibandiki yenyewe. Hupita katika mikono mitatu ya vimeng'enya, na wataalamu huiita mikono hiyo E1, E2 na E3. Wa kwanza huitia ubikwitini nguvu. Wa pili huipokea na kuibeba. Wa tatu humtambua mhusika, humsogeza karibu na mbebaji, na kuhakikisha kwamba chapa inabandikwa kwa anayestahili na si kwa mwingine. Katika mwili wa mwanadamu E1 ni wawili, E2 ni makumi kadhaa, na E3 wanapita 600; wingi huo wa E3 ni dalili kwamba uzito wote wa kazi umo katika kuchagua. Chapa moja kwa kawaida haitoshi: hubandikwa ya pili juu ya ya kwanza, na ya tatu juu ya ya pili, hata ukapatikana mnyororo. Mnyororo ukiisha kutimia, protini hupelekwa katika chombo chenye umbo la pipa kiitwacho proteasomu, humo huvunjwavunjwa vipande vidogo, na chapa zenyewe hunusurika zikatumiwa tena. Kwa kuifichua njia hii, Avram Hershko na Aaron Ciechanover wa Haifa, pamoja na Irwin Rose wa Philadelphia, walitunukiwa Nishani ya Nobel ya kemia mwaka 2004, kwa kazi waliyoifanya zaidi ya miaka ishirini nyuma.

Sasa, miongoni mwa hao E3, wako wawili wanaoitawala saa ya kugawanyika, na kila mmoja si protini moja, bali ni changamano, yaani kundi la protini zilizoshikamana zikatenda kazi kama mwili mmoja. La kwanza hujulikana kwa herufi SCF. Lina protini za kudumu, na lina protini moja ya kubadilika ambayo kazi yake ni kumshika mlengwa. Ikibadilishwa protini hiyo, changamano lilelile hugeukia mlengwa mwingine. SCF hupenda walengwa waliokwisha kutiwa fosfati, na hivyo kila kimeng'enya kitiacho fosfati chaweza kuliitia kazi. Ndilo livunjalo vizuizi vinavyoizuia seli isianze kunakili kromosomu zake, na ndilo pia livunjalo vichocheo vya ukuaji vinapokwisha haja.

La pili hujulikana kwa herufi APC, na ni kubwa kupita kiasi: katika mwanadamu limejengwa kwa protini za namna kumi na nne, nyingine zikiwamo mara mbili, hata jumla ikafika vipande 19. Kazi yake kuu ni mbili. Kwanza hubandika chapa juu ya sekyurini, protini ambayo tangu mwanzo imemkumbatia mkataji wa pete, aitwaye separasi, na kumfunga mikono; sekyurini ikivunjwa, separasi hufunguka, hukata pete za kohesini, na pacha wote huachana kwa wakati mmoja. Pili hubandika chapa juu ya saiklini, protini ambayo kuwapo kwake ndiko kunakoiweka seli katika hali ya kugawanyika. Saiklini ikivunjwa, nyuzi hufumuliwa, viini viwili hujengwa upya, na seli mbili huingia katika utulivu. Kwa kuwa kilichovunjwa hakirudi, seli haiwezi kughairi ikarudi nyuma. Na hii ndiyo faida kubwa ya kutawala kwa kuvunja kuliko kutawala kwa amri ambayo yaweza kutanguliwa.

Lakini nguvu kubwa namna hii haikuachwa bila ya mlinzi. Kila kromosomu ambayo bado haijashikwa na nyuzi hutoa ilani, na ilani hiyo hukusanya protini kadhaa, mojawapo ikiitwa Mad2, zikaliziba changamano la APC lisifanye kazi. Kromosomu moja tu ikiwa haijashikwa, hata kama nyingine zote zimekaa tayari, yatosha kuizuia seli nzima isiendelee. Ni pale tu ya mwisho inaposhikwa ndipo ilani inaponyamaza, APC likafunguliwa, na pacha wakaachana. Seli zilizopotewa na mlinzi huyu hupoteza pia hesabu ya kromosomu zao, na hali hiyo huonekana katika saratani nyingi.

Elimu hii haikupatikana kwa kuchunguza wanadamu. Ilitoka baharini na mitoni. Mwaka 1982, Tim Hunt, Mwingereza, akifanya kazi katika kituo cha Woods Hole huko Marekani, alitazama mayai ya urumba wa baharini, akaona protini moja ikiongezeka na kutoweka ghafla kila mara yai lilipogawanyika. Hiyo ndiyo saiklini, na kwa ajili yake alishiriki Nishani ya Nobel ya tiba mwaka 2001 pamoja na Leland Hartwell na Paul Nurse. Mwaka 1991 ikathibitika kwamba kutoweka huko ni kwa njia ya chapa ya ubikwitini. Na mwaka 1995 mbandikaji mwenyewe, yaani APC, akapatikana: Hershko na wenzake walimtoa katika mayai ya kombe wa baharini, na kundi la Marc Kirschner wa Harvard likamtoa katika mayai ya chura mwenye makucha, kiumbe wa maji ya kusini mwa Afrika, ambaye mayai yake makubwa na mengi yamewafaa wataalamu wa dunia nzima.

Turudi kwenye zizi. Ndigana kali ni maradhi ya nchi zetu hizi, na hata jina ililopewa na wazungu linaihusisha na pwani ya mashariki. Robert Koch, mtaalamu wa Kijerumani, alipokuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, aliona vimelea vidogo mno katika damu ya ng'ombe, akavidhania kuwa ni hatua changa ya kimelea cha maradhi mengine. Miaka michache baadaye, ng'ombe waliopelekwa kwa meli kutoka Afrika Mashariki kwenda kusini, ili kujaza mazizi yaliyokwisha kufutwa na sotoka, wakaeneza kifo huko Rhodesia na Transvaal. Na mwaka 1904 Arnold Theiler, daktari wa mifugo wa Afrika Kusini, akabainisha kwamba kimelea hicho ni cha namna yake peke yake. Jina lake ndilo lililobaki juu ya kimelea.

Kupe hupata kimelea akiwa lava au tunutu, anapofyonza damu ya ng'ombe mgonjwa, na hukiambukiza akiisha kubambua ngozi na kupanda mnyama mwingine. Vimelea huchukua siku kadhaa kukomaa ndani ya tezi za mate yake baada ya kuanza kufyonza. Vikiisha kuingia katika seli nyeupe ya ng'ombe, huuvunja utando uliovizunguka, vikakaa huru katikati ya seli. Hapo ndipo vinapoanza kutumia chapa za mwenyeji.

Hila ya kwanza ni kubandika chapa kusikokoma. Katika seli nyeupe iliyo salama, protini moja yenye amri ya kuongezeka, iitwayo NF-kB, imefungwa na mlinzi wake, naye ni IkB. Vijidudu vikiushambulia mwili, kundi la vimeng'enya liitwalo IKK humtia mlinzi huyo fosfati, SCF humbandika chapa, proteasomu humvunja, na amri hutoka: seli zizidi, zipigane. Vita vikiisha, mlinzi mpya huundwa na amri hufungwa. Mwaka 2002, Volker Heussler na wenzake walionyesha kwamba Theileria huwakusanya IKK juu ya mwili wake mwenyewe, ndani ya seli, wakawa kazini wakati wote. Kila mlinzi anayeundwa hutiwa fosfati, hubandikwa chapa na huvunjwa, na amri ya vita haikomi ilhali adui anayestahili kupigwa ndiye mwenye kuitoa.

Hila ya pili ni kinyume cha hiyo, nayo ni kuzuia chapa. Mwaka 2015, wataalamu wa Paris, wakichunguza Theileria annulata, ndugu wa kimelea chetu aliyeenea Afrika Kaskazini na Asia, waligundua kwamba hutoa ndani ya seli protini ambayo humshika FBW7, yule mshikaji wa walengwa katika mojawapo ya machangamano ya SCF, na kusababisha FBW7 mwenyewe avunjwe. FBW7 akiondoka, c-Jun, kichocheo cha ukuaji ambacho angekibandikia chapa, hubaki hai na kuzidi, na seli huendelea kugawanyika. Fauka ya hayo, kundi la wataalamu wa Uswisi lilionyesha mwaka 2010 kwamba wakati seli inapogawanyika kimelea hiki hujishikamanisha na nyuzi zilezile zinazovuta kromosomu, ili kila mtoto wa seli apate sehemu yake. Hivyo kimelea hakikuleta mtambo wa kugawanya seli. Kilikuta mtambo wa ng'ombe mwenyewe, kikajifunza mahali pa kubandika chapa na mahali pa kuzuia, kikautumia.

Jambo la kutia matumaini ni kwamba wizi huu hauachi alama ya kudumu. Seli hizo zikitiwa dawa ya buparvakwoni, ambayo huua kimelea bila ya kuua seli, hukoma kugawanyika na mwisho hufa kifo cha kawaida; maana mtambo haukuharibika, ila uliongozwa na mwingine. Hapa ndipo ndigana inapotofautiana na saratani, na hapa ndipo inapotufundisha kuihusu. Kirusi cha HPV, chenye kusababisha saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kati ya saratani za wanawake wa Tanzania, hutumia hila ya jamaa moja: protini yake iitwayo E6 humshika E3 mmoja wa mwanadamu na kumwelekeza abandike chapa juu ya p53, mlinzi mkuu wa seli dhidi ya saratani. Lakini katika saratani hiyo, urithi wa seli wenyewe huharibika kwa miaka mingi, wala hauponi kwa dawa ya kuua kirusi. Ndiyo sababu Tanzania ilianza mwaka 2018 kuwachanja wasichana nchi nzima, na mwaka 2024 ikawapa dozi moja walio na umri wa miaka 9 hadi 14: kinga hutangulia, kwa maana mtambo ukiisha kuharibika hakuna wa kuurudisha.

Katika nyanda za kati, ukavu wa nchi huwapunguza kupe wa kahawia, lakini hauwamalizi. Na ng'ombe waliolelewa mahali pasipo kupe, wakihamishiwa penye kupe kwa kutafuta malisho au kwa kununuliwa mnadani, huingia katika hatari bila ya kinga. Zebu wa kienyeji waliozoea kupe tangu undama hustahimili zaidi. Ng'ombe wa kigeni wasiokingwa karibu wote hufa. Mpwapwa, mahali ambako Wajerumani waliweka kituo cha mifugo mwanzoni mwa karne ya 20, na ambako baadaye alizalishwa ng'ombe ajulikanaye kwa jina la Mpwapwa kwa kuchanganya zebu wetu na Sahiwal, Red Sindhi, Boran na wengineo, ni ushahidi wa juhudi za kutafuta maziwa na nyama bila ya kupoteza ustahimilivu wa nchi kavu. Juhudi hizo haziwezi kuzaa matunda ikiwa josho limebomoka na kupe hawaogopi kitu.

Chanjo nayo ipo. Ilibuniwa katika miaka ya 1970 huko Muguga, karibu na Nairobi, katika taasisi iliyokuwa ya Afrika Mashariki nzima: ndama huchomwa vimelea hai pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini ikaayo mwilini muda mrefu, ili augue kidogo, apone, na abaki na kinga aghalabu kwa maisha yake. Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia sana tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Nguvu yake imo katika kuzifundisha seli nyingine za mwili kuzitambua zile zilizotekwa na kuziua, kabla hazijawa jeshi.

Kwa hiyo, ewe mfugaji wa Bahi, wa Chamwino, wa Kongwa na wa Mpwapwa, uionapo tezi ya chini ya sikio imevimba na mnyama ana homa, usingoje povu la puani. Mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo, kwa sababu dawa hufaa seli zilizotekwa zikiwa chache, na zikiisha kujaza mapafu hakuna dawa itakayowahi. Waogeshe ng'ombe wako kila wiki, na penye kupe wengi mara mbili kwa wiki, ili kupe afe kabla vimelea havijakomaa katika tezi za mate yake. Ulizia chanjo kwa ndama kabla ya kununua ng'ombe wa maziwa. Nanyi vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wa vituo vyetu vya mifugo, mlio karibu na zizi kuliko maabara ya Paris na ya Harvard, kimelea hiki ni cha nchi yenu, na mengi ya siri zake yamesomwa na wageni katika ndugu yake wa mbali. Yaliyobaki yasomeni nyinyi katika huyu wa kwetu.